Mafunzo ya ulinzi bandarini yamfikie mfunga kamba na nahodha wa boti

Mhariri,

Ukitaka kujua kama wafanyakazi wa gati lolote wamefundishwa ulinzi, huna haja ya kuona vyeti. Uliza swali moja: leo tuko ngazi ya ngapi ya ulinzi? Muulize bawabu wa langoni, kisha karani wa shehena, dereva wa foklifti na mfunga kamba za meli. Akijibu afisa wa ulinzi peke yake, ujue mafunzo yaliishia ofisini.

Hapa Lamu, ulinzi wa bandari ukizungumzwa, watu hutaja askari, boti za doria na kamera. Vyote vinahitajika, na anayekumbuka utekaji wa watalii wa 2011, mauaji ya Mpeketoni 2014 na shambulio la uwanja wa ndege wa Manda Bay Januari 2020 hawezi kubisha. Lakini gati moja la bandari mpya ya Lamu, iliyoko Kililana, lina urefu wa mita 400, na yako matatu tangu lile la kwanza lilipozinduliwa Mei 2021. Mpango wa awali ulikuwa magati 32. Meli zikizidi, vibarua watazidi kabla ya askari, na hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuuona mkoba usio na mwenyewe au boti iliyozima taa.

Kanuni ya kimataifa ya ulinzi wa meli na vituo vya bandari, ambayo watu wa bandari huiita ISPS, ilipitishwa Desemba 2002 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Inagawa wafanyakazi wa kituo katika mafungu matatu: afisa wa ulinzi wa kituo, wenye majukumu maalumu ya ulinzi, na wengine wote. Shirika la Kimataifa la Bahari lina kozi ya mfano kwa kila fungu, nambari 3.21, 3.24 na 3.25. Fungu la tatu halidaiwi mambo mengi. Linatakiwa kujua maana ya ngazi tatu za ulinzi na nini hubadilika ngazi ikipanda. Kutambua silaha na vitu vya hatari. Kutambua mienendo ya mtu mwenye nia mbaya. Na kujua hila zinazotumiwa kukwepa ulinzi. Mambo manne tu. Hakuna hata moja linalohitaji Kiingereza, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Kanuni hiyo hiyo inaagiza mpango wa ulinzi wa kituo uandikwe kwa lugha ya kazi ya kituo. Lugha ya kazi gatini, ile inayopigiwa kelele kontena linaposhuka, ni Kiswahili. Hata hivyo vituo vingi vya mwambao huandika kwa Kiingereza, kisha kibarua akiuliza huambiwa mpango ni siri. Ni kweli mpango ni siri na lazima ufungiwe. Dawa yake ni kukata kutoka kwenye mpango ukurasa mmoja kwa kila kituo cha kazi: lango la malori, ngazi ya meli, yadi ya kontena, chumba cha kamera. Kila ukurasa useme nani anaingia, nini kinakaguliwa, nani anaitwa na kwa masafa gani ya redio, na ngazi ya pili ya ulinzi ikitangazwa nini kinaongezwa. Anayefanya kazi hapo hana haja ya kujua zaidi ya hapo.

Tuje langoni. Adui mkubwa wa lango la Lamu ni muhali kuliko bunduki. Bawabu anamjua baba wa dereva, alisoma madrasa na karani, na kumwambia mtu mzima arudi akachukue beji yake kunamwia vigumu. Mafunzo ya kigeni hayagusi jambo hili. Ni lazima lifanyiwe mazoezi kwa mdomo, wawili wawili, mmoja akiwa mgeni anayesihi: “Ami, mimi si wa kusimamishwa hapa.” Na jibu lizoewe mpaka litoke bila kusitasita: “Shikamoo ami. Naujua utu wako, lakini lango halinijui hata mimi bila beji. Tafadhali subiri hapa kivulini, nampigia msimamizi.” Heshima imebaki, na mlango umefungwa. Bawabu asiyefundishwa maneno ya kukataa hukubali, au hufoka. Anayefoka hatufai pia, maana kesho hataambiwa habari yoyote na watu wa mji.

Hila za langoni ni zile zile kila mahali: watu wawili kupita kwa beji moja, mmoja akiwa ameshika mlango kwa adabu, beji ya kibarua aliyeacha kazi, fundi anayekuja na jina la kampuni lakini hayumo kwenye orodha ya siku, utingo asiyeandikwa pamoja na dereva. Orodha ya wageni ifike langoni kabla yao, na nambari ya kuithibitisha itoke kwenye daftari la kituo. Nambari anayoisoma mgeni kwenye simu yake haithibitishi kitu.

Kuhusu kutambua mtu wa kushukiwa, tuseme wazi: kanzu, buibui, kilemba, au lafudhi ya Kibajuni au Kisomali si dalili ya kitu chochote. Dalili ni tendo. Mtu anayepiga picha kamera na malango badala ya meli, anayeuliza zamu hubadilishana saa ngapi, anayerudi mara kwa mara bila mzigo wala mwenyeji, anayegeuka nyuma akiona upekuzi umeanza. Kituo kinachofundisha kutazama nguo hupekua watu mia wasio na hatia, na mwenye nia mbaya hupita na suruali yake na fulana ya kampuni. Na kwenye kila zamu awepo mlinzi mwanamke na chumba cha faragha. Pasipokuwa naye, wanawake hupita bila kupekuliwa au hudhalilishwa.

Sehemu inayokosewa zaidi ni kontena. Sili ya boliti, yaani kifungio chenye nambari kinachotiwa mlangoni mwa kontena, inayokubalika ni ya kiwango cha ISO 17712, na huwa na herufi H. Ukaguzi wake una hatua nne: itazame, linganisha nambari, ivute kwa nguvu, izungushe. Sili iliyokatwa ikagundishwa hufunguka kwenye kuvuta au kuzungusha, si kwenye kutazama. Kosa la kawaida ni bawabu kusoma nambari kwenye karatasi, kisha kuitupia sili jicho; macho huona yanachotarajia kukiona. Ageuze mpangilio: aandike kwanza nambari ya sili, ndipo aifunue karatasi.

Hata sili ikiwa nzima, mlango waweza kuwa umefunguliwa. Wezi huitoboa ribiti inayoshika mkono wa mlango, hutoa au hutia wanachotaka, kisha hurudisha ribiti mpya na kuipaka rangi. Kwa hiyo mkaguzi aguse ribiti na bawaba zote: rangi mbichi, ribiti inayong'aa kati ya zilizopata kutu, au gundi kwenye ukingo. Ndipo azunguke sehemu saba: chini ya kontena, milango ndani na nje, ubavu wa kulia, wa kushoto, ukuta wa mbele, dari na sakafu. Kontena tupu la futi 20 lina urefu wa ndani wa takriban mita 5.9, na la futi 40 takriban mita 12. Futi ya kupimia ikitoa mita 5.4, kuna ukuta wa bandia. Tundu za hewa zinazoonekana nje zionekane na ndani. Makontena matupu ndiyo yanayopuuzwa, kwa kuwa “hayana kitu”, na ndimo wanamojificha watu wanaotaka kusafiri melini kwa siri.

Kuna shehena ambayo mafunzo yake hayafai kungoja: mbolea, kwa kuwa ushoroba wa usafiri wa LAPSSET, unaoanzia bandari ya Lamu, umekusudiwa kulisha Ethiopia na Sudan Kusini. Yurea si shehena ya hatari kwa kanuni za meli. Amonia nitreti ni nyingine kabisa. Iko daraja la 5.1, huandikwa nambari UN 1942 au UN 2067, na kibandiko chake ni cha manjano chenye mwali juu ya duara. Zote mbili ni chembe nyeupe ndani ya magunia, na kibarua hawezi kuzitofautisha kwa macho. Basi afundishwe kusoma kibandiko na nambari. Kilicholipuka Beirut tarehe 4 Agosti 2020 ni amonia nitreti, kutoka shehena ya tani 2,750 iliyokaa ghalani miaka mingi, na waliojua haikuwa salama walikuwepo. Gunia lililopasuka likiingiwa na dizeli ya foklifti, litengwe na msimamizi aitwe. Magunia machache yakipungua kwenye hesabu, jambo hilo liandikwe kwenye daftari la ulinzi, lisiachwe kuwa udokozi wa kawaida.

Upande wa bahari, vituo vingi huweka mlinzi chini ya taa kubwa, amekaa, simu mkononi. Huyo haoni chochote. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga wa simu mara moja huirudisha hesabu mwanzo. Mlinzi akae nyuma ya taa, taa zielekee majini, na simu ibaki mfukoni. Zamu ya saa kumi na mbili hudhoofika zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri; hapo abadilishwe kituo au apewe mwenzake wa kutembea naye.

Uzio unaoishia ufukweni huonekana mzuri maji yakiwa yamejaa. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, mtu huuzunguka kwa miguu kwenye tope la mikoko. Ramani ya doria ichorwe mara mbili, ya maji kujaa na ya maji kupwa, na saa za doria zifuate jedwali la maji badala ya saa ya ukutani. Ndivyo manahodha wa hapa wanavyopanga safari ya kupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, na mlinzi anayetoka bara afundishwe hivyo wiki ya kwanza.

Kisha afundishwe kutaja chombo. Ripoti ya “kuna boti pale” haina faida. Aseme aina: mashua, jahazi, dau, hori au boti ya faiba, rangi, mashini ngapi, watu wangapi, ina tanga au haina, inaelekea wapi kwa alama inayojulikana, na kama ina nyavu au mishipi. Boti yenye mashini mbili kubwa, isiyo na zana za uvuvi wala barafu, iliyosimama usiku karibu na meli, ni habari. Mvuvi anayerusha mshipi mahali alipovua babu yake si habari, na kumfukuza kwa matusi ni kuling'oa jicho lako mwenyewe. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vile BMU vya Amu (mji wa Lamu), Mokowe na Kizingitini, viitwe kwenye mafunzo, vipewe nambari ya kupiga, na mpaka wa eneo la marufuku uonyeshwe kwa maboya. Mpaka ulioandikwa kwenye waraka tu mvuvi hauoni.

Kwenye redio, bonyeza, ngoja sekunde moja, ndipo useme. Neno la kwanza hukatika kila mara kwa wasiongoja, na neno la kwanza mara nyingi ndilo “moto” au “boti”. Masafa ya redio nambari 16 ni ya dhiki na kuita meli. Mazungumzo yahamie masafa ya kazi. Betri ya akiba ikabidhiwe kwa sahihi zamu zinapobadilishana.

Kitu cha kushukiwa kikionekana, kisiguswe, kisifunikwe, kisimwagiwe maji. Redio na simu zisitumike ndani ya mita 15 kutoka kilipo. Watu waondolewe mita 100 kwa mkoba, mita 200 kwa gari dogo, mita 400 kwa lori. Angalia hesabu hiyo: lori moja la kushukiwa katikati ya gati la mita 400 linalihamisha gati zima na sehemu ya jirani. Je, mahali pa kukusanyika pamepangwa nje ya umbali huo? Mara nyingi ni pale pale kwenye maegesho nyuma ya ofisi.

Tishio la simu nalo lina fomu yake, nayo iwe mezani kando ya simu: kiko wapi, kitalipuka lini, kinafananaje, nani ameweka, kwa nini. Mpokeaji asikate, aandike maneno kama yalivyosemwa, na sauti za nyuma: mashini, adhana, upepo. Hapa tuna faida ambayo fomu za kigeni hazina. Mtu wa Amu hutambua kwa sentensi mbili kama anayesema ni wa Amu, wa Pate, Mbajuni, au mtu wa bara anayejitahidi. Fomu iwe na mstari wa lahaja, na askari watashukuru.

Sasa mazoezi. Kanuni inataka zoezi dogo angalau kila miezi mitatu, likijaribu kipande kimoja cha mpango, na zoezi kubwa mara moja kila mwaka wa kalenda bila kupitisha miezi 18 kati ya moja na jingine. Vituo hutimiza idadi, lakini zoezi hutangazwa wiki moja kabla, hufanywa saa nne asubuhi, na hao hao kumi hushiriki. Lifanyike magharibi ya Ramadhani, mabawabu wanapofuturu kwa zamu. Lifanyike Ijumaa saa saba. Lifanyike siku za Maulidi, wageni wanapojaa na boti haziishi, na usiku umeme ukiwa umezimwa kwa makusudi ili ijulikane jenereta huchukua dakika ngapi. Mambo ya kujaribu hayana gharama: beji ya mtu mwingine, boksi lililoachwa chini ya ngazi, sili yenye tarakimu moja tofauti na karatasi. Nusu saa yatosha, kisha robo saa ya kuzungumza bila kumtia mtu aibu. Kiandikwe kilichofanyika, kilichukua dakika ngapi, kilichoharibika, nani atakirekebisha na kwa tarehe gani. Safu hizo mbili za mwisho ndizo huachwa tupu.

Tahadhari moja kwa Lamu hasa. Tuna wanajeshi, polisi na walinzi wa pwani wenye silaha na vidole vyepesi, kwa sababu tunazozijua. Zoezi lolote lijulishwe makamanda mapema, kila tamko la redio lianze “Zoezi, zoezi, zoezi”, na pawepo neno moja la kusimamisha kila kitu. Asitumike mtu wa kuigiza gaidi akiwa na bunduki ya bandia upande wa bahari usiku. Hilo ni kutafuta maiti.

Kompyuta tutaigusa kwa ufupi. Juni 2017 virusi vilisimamisha magati ya Maersk katika nchi kadhaa, na Julai 2021 shambulio kama hilo liliilemaza bandari ya Durban. Karani wa Lamu asitumie neno la siri moja na mwenzake, asichomeke fleshi ya baharia kwenye kompyuta ya kituo, na lango lijue kufanya kazi kwa daftari na kalamu kwa siku nzima. Hilo la mwisho lifanyiwe zoezi pia.

Na mabaharia wasisahaulike. Mpango wa kituo unatakiwa uwe na utaratibu wa kuwawezesha kushuka pwani. Bawabu asiyefundishwa huona usalama ni kuwazuia, na hivyo humnyima mtu aliyekaa melini miezi haki yake ya kununua laini ya simu na kuonana na daktari.

Yote hayo yanahusu Kililana. ISPS inashughulika na meli za safari za kimataifa, za abiria zote na za mizigo kuanzia tani 500. Gati la Mokowe, gati la Amu mjini na la Malindi, ambako watu wengi zaidi hupanda na kushuka kila siku, hayamo. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo wa hiari kwa vyombo vidogo mwaka 2008, lakini wa hiari husomwa na wachache. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi mbali na pwani ya Kenya. Vijana wa Malindi na Amu wanaoumia kwa unga huo hawakuletewa na meli za kontena.

Kwenye magati haya madogo hatuombi mashine za eksirei. Tunaomba nahodha aandike majina ya abiria kabla ya kung'oa, na nakala ibaki gatini. Tunaomba ule mtindo wetu wa “nifikishie kifurushi hiki Faza” uwekewe utaratibu: mtumaji afungue mzigo mbele ya nahodha, jina na simu yake viandikwe, na la mpokeaji pia. Mzigo usio na mwenyewe usipande. Nusu siku ya mafunzo kwa manahodha wa Mokowe, kwa Kiswahili, majini na si hotelini, yatosha kuanzia. Serikali ya kaunti na Mamlaka ya Bahari ya Kenya wanaweza kuigawana gharama hiyo.

Kwa vibarua wa Kililana, saa mbili kabla ya kupewa beji na saa moja kila robo mwaka baada ya hapo. Na saa hizo zilipwe kama saa za kazi. Kibarua anayelipwa kwa zamu hataketi darasani wakati mwenzake anapakua, na akilazimishwa atatia sahihi kwenye orodha na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Wakufunzi wa ulinzi wa bandari,
Amu, Lamu